Mkebe wa Baruti Iliyochanganywa

Siku za mawingu mazito Mwantum hakufanya kazi yake. Alisubiri jua lipande juu ya mabati ya mtaa wa Buyenzi, mwanga uingie vizuri kwenye dirisha la chumba cha nyuma, ndipo afungue kufuli. Umeme wa mtaani haukuwa wa kutegemewa, na taa ya mafuta haikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha chumba kile, wala jiko, wala chetezo cha ubani, wala mtu mwenye sigara hata kama ameizima mlangoni. Simu yake aliiacha jikoni chini ya kikapu cha vitunguu, ilie mpaka ichoke.

Ndani ya chumba hicho alikuwa akijaza upya risasi za bunduki za marisau. Huko kando ya ziwa viboko hutoka majini jioni na kuingia mashamba ya mpunga na mahindi, na kiboko mmoja akishiba, familia nzima inalala njaa msimu mzima. Chama cha wakulima kilikuwa na bunduki chache zenye kibali, na walinzi wake walifyatua goroli za mpira kuwatisha wanyama warudi ziwani bila kuwaua. Risasi mpya zilitoka nje ya nchi na zilikuwa hazipatikani. Ndiyo maana rais wa chama, Dorothée, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alihangaika ofisi hadi ofisi mpaka akapata ruhusa Mwantum ajaze maganda yaliyokwisha kutumika.

Ufundi huo Mwantum aliupata kwa baba yake. Mzee Massoudi alikuwa na duka la kutengeneza bunduki kwenye mtaa wa Asiatique, zamani wafanyabiashara walipokuwa wakienda kuwinda bonde la Rusizi. Aliwafundisha watoto wake wawili, Mwantum na mdogo wake Khaled, kwenye meza moja. Khaled alikuwa mwepesi wa kushika na mwepesi wa kuchoka. Mwantum alikuwa mzito, lakini akishaelewa jambo, hakulifanya tena kwa njia nyingine.

Alikagua kila ganda kwanza, akatupa lenye ufa hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Mezani alitoa mkebe mmoja tu wa baruti. Mingine ilibaki kabatini, kila mmoja na karatasi yake ya kiwandani, maana baruti hazifanani. Kuna inayoungua polepole ikasukuma, na kuna inayoungua ghafla ikapasua, na mkono hauwezi kuzitofautisha kwa uzito. Alipima kwa mzani mdogo. Kabla ya kuziba, aliyapanga maganda yote wima na kumulika ndani kwa tochi, moja baada ya jingine, kuhakikisha hakuna lililowekwa mara mbili. Mtu akimwita katikati ya kazi, alimwaga alichokuwa amepima na kuanza upya. Akimaliza, alirudisha baruti iliyobaki kwenye mkebe wake, akafagia meza kwa brashi laini, akaosha mikono kwa sabuni ndipo aguse chakula.

Majirani walimwita Mama Houda, kwa jina la bintiye aliyeolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mumewe alikuwa ameshafariki, na nyumbani alibaki peke yake. Khaled ndiye aliyepeleka risasi zilizojazwa kwa Dorothée na kurudi na maganda matupu. Alikuwa na pikipiki, mke, watoto wadogo, na nyumba aliyokuwa anaijenga mtaa wa Mutakura. Alikuwa pia na ufunguo wa pili wa chumba cha nyuma. Mwantum alimpa kwa mkono wake mwenyewe, akisema mtu anaweza kufa ghafla, na chumba kama kile hakifai kuvunjwa na wasiojua kilicho ndani.

Asubuhi moja, akiwa amepanga maganda mezani, Mwantum aliona kama mvuke umetanda kwenye jicho lake la kushoto. Alipangusa, mvuke haukutoka. Alilifumba jicho lile akamaliza kazi kwa la kulia, kisha akayapitia maganda yote mara ya pili. Khaled alipokuja jioni alimwambia.

"Yaya, usimwambie mutu," Khaled alisema. Huku kwetu dada mkubwa ndiye yaya. "Ukimwambia Dorothée, atapeleka kazi kwa wengine. Mi nitakupeleka kwa munganga wa macho, nikipata mafuta ya pikipiki."

"Na kama siwezi kuona vizuri?"

"Unaona. We unaona kuliko mimi. Ni uchovu tu."

Mafuta yalikuwa adimu mjini wakati ule, foleni za magari zilizunguka vituo mpaka barabara kuu, na Mwantum hakumsumbua. Alimshukuru. Hakuna mtu mwingine aliyemwambia, hata Houda kwenye simu.

Msimu wa mvua ulipokaribia kuisha, Dorothée alifika Buyenzi mchana akiwa na polisi wawili. Viatu vyake vilijaa tope la shambani. Hakukaa.

"Mama Houda, bunduki imepasuka," alisema. "Imepasukia mkononi mwa Xavier."

Xavier alikuwa mlinzi kijana wa chama, mwenye kupenda kuimba akiwa zamu. Mwantum alimfahamu, aliwahi kuja pale nyumbani kuchukua risasi Khaled alipougua.

"Ni mzima?"

"Ni mzima. Vidole viwili havipo. Uso umeungua upande mmoja."

Mwantum alichukua ufunguo. Kisha akafungua chumba cha nyuma mwenyewe, akawaonyesha polisi kila kitu kilichomo, mikebe, mzani, fataki za kuwashia baruti kwenye boksi lake, risasi zilizokuwa zimekwisha kujazwa. Walichukua vyote. Alichowaomba ni wasiweke fataki pamoja na baruti ndani ya gari, na wasivute sigara njiani. Mmoja wao alicheka, lakini alifanya alivyoambiwa.

Siku ya kikao, wakulima walijaa kwenye ukumbi mdogo wa chama, wengine wamesimama nje madirishani. Mpelelezi wa polisi alikaa pembeni na kofia yake magotini. Dorothée alimwomba Mwantum aeleze anavyofanya kazi, naye akaeleza, tangu kukagua ganda mpaka kumulika tochi. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Mzee mmoja alisema fundi wa namna hiyo hawezi kukosea hivi hivi tu, pengine bunduki yenyewe imechakaa. Mwantum alianza kupumua.

Ndipo Khaled aliponyoosha mkono.

Alisimama akiwa amevaa shati lake la Ijumaa. Hakumtazama dada yake. "Mi nasema na roho ya kuuma," alisema. "Yaya yangu macho yake yameharibika. Jicho la kushoto halioni. Ameniambia mwenyewe. Mi nilimwambia aache kazi, hakutaka kusikia. Nadhani ameweka baruti mara mbili kwa ganda moja, hakuona. Tumusamehe tu, ni mutu muzima."

Ukumbi uliguna. Dorothée aligeuka. "Mama Houda, ni kweli? Jicho halioni?"

Mwantum alifungua mdomo. Angeweza kusema kwamba Khaled hakumwambia aache, kwamba alimwambia anyamaze. Lakini alipotaka kusema, aliuona ule mvuke, uliokuwa pale pale, umeufunika nusu ya uso wa Dorothée. Akajiuliza kama kweli alilipitisha ganda moja likiwa na kipimo mara mbili. Akaiona meza yote, maganda yote, na hakuweza kuapa.

"Jicho lina ukungu," alisema. "Ni kweli."

Mama yake Xavier alianza kulia kwa sauti. Mwantum alitoka ukumbini watu wakimpisha, kama wanavyompisha mgonjwa wa kuambukiza. Khaled alimfuata na pikipiki ampeleke nyumbani, naye akapanda, akashika kiuno cha mdogo wake njia nzima. Alidhani ametendewa jambo gumu lililokuwa la lazima. Alifika hata kumwambia, "Umesema lililokuwa kweli."

Kesi haikufungwa, lakini kibali kilifutwa, na Mwantum aliambiwa asisafiri. Alikwenda hospitali kumwona Xavier. Kijana alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Alipomtambua alisema, "Nilikuwa ninafunga jicho kila nikipiga, kwa sababu ya kelele. Ningekuwa nimefungua yote mawili, ningekuwa kipofu kama wewe." Akageukia ukutani. Mwantum aliweka chungwa na mkate kwenye kimeza, akaondoka.

Miezi iliyofuata alishona mito na mapazia. Wateja walikuwa wachache. Wanawake wa mtaa walimsemesha polepole, wakimshika mkono kuvuka mtaro ambao alikuwa akiuruka tangu utotoni. Khaled alimletea mchele, mafuta ya kupikia, siku nyingine samaki. Alikaa naye pia, akimwambia habari za nyumba ya Mutakura. Siku moja alimpeleka kuiona. Msingi ulikuwa umepanda mpaka magotini, wa mawe makubwa ya mlimani yaliyopangwa vizuri. Mwantum aliusifu. Alisema baba yao angefurahi.

Aliyeleta ukweli hakujua kwamba ameubeba. Alikuwa Jovithe, mpasuaji mawe kwenye machimbo ya juu ya mji, mtu mpole mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alibisha hodi asubuhi akimuulizia Khaled.

"Hakai hapa," Mwantum alisema. "Hapa ni kwa dada yake."

"Anhaa, we ndo yaya yake! Khaled alisema baruti iko kwa yaya. Basi naomba umuambie, mi bado niko na mawe mengi. Akileta ingine, kama ile ya mwaka jana, namujazia kamyo nzima ya mawe. Hata ya kumaliza kuta."

Mwantum alikuwa ameshika mlango. "Baruti gani, baba?"

"Ile ya mukebe, ya vipande bapa vya kijani. Aliniletea mu mufuko ya plastiki, alisema ni yenu ya familia. Tuliweka mu mashimo ya mwamba." Jovithe aliona uso wake, sauti ikashuka. "Haikuwa yenu?"

"Ilikuwa lini?"

"Mbele ya mvua kuanza. Wakati anaanza msingi. Mama, mi nimefanya kosa?"

"Kaa kwanza," Mwantum alimwambia. "Nitakuletea maji."

Hakuleta maji. Alipita nyuma ya choo, mahali ambapo polisi hawakupekua, akafukua sanduku la mbao lililofunikwa kwa mchanga. Ndani yake kulikuwa na mkebe wa zamani wa baba yao, usio na karatasi. Baruti ya ndani hakuna aliyejua ni ya kiwanda gani wala ya mwaka gani. Kitu pekee alichojua Mwantum ni kwamba ni ile ya punje ndogo sana, inayoungua ghafla, ya bastola. Baada ya mazishi ya mzee alimwonyesha Khaled na kumwambia: hii isiguswe kabisa, siku moja tutaita wenye kazi yao waiharibu. Siku hiyo haikufika.

Mkebe ulikuwa mtupu. Ulikuwa umefunikwa vizuri na kurudishwa chini ya mchanga, na mchanga umesawazishwa.

Mwantum aliufunika tena. Sasa alielewa mkebe wake wa kazini ulivyobaki umejaa wakati nusu yake ilikuwa imekwenda kupasua mawe. Khaled alichota baruti nzuri, ile ya vipande vya kijani, kwa ajili ya Jovithe, kisha akajazia kwa hii, ili dada yake akifungua kabati asione pengo. Naye akaipima kwa mzani wake, kwa uangalifu wote, akaimulika kwa tochi, na mzani haukuwa na namna ya kumwambia. Punje zile ndogo zilikuwa zimezama chini, chini ya vipande bapa vya baruti ya kazini. Risasi za juu zilikuwa salama. Ya Xavier ilitoka chini.

Alimkuta Khaled Mutakura, akichanganya saruji na mafundi wawili. Alimwomba waende kando, nyuma ya rundo la mchanga.

"Jovithe amekuja kwangu," alisema.

Khaled aliendelea kushika koleo. Kisha akaliacha. "Amesema nini?"

"Amesema anataka baruti ingine."

Khaled alitazama mafundi wake. "Yaya, mi nilijua baruti ni baruti. Ya mzee niliogopa imezeeka, haitapasua mwamba, basi nilijazia nayo kidogo tu, mukebe isionekane imepungua. Nilitaka nikuambie."

"Lini?"

"Nilitaka. Kisha ikapasuka."

"Na siku ya kikao?"

"Siku ya kikao ningesema nini? Niko na watoto. Wangenifunga. We wangekufunga? Mwanamke, mjane, macho yake mabovu? Niliangalia nikaona we hawatakugusa. Nilisema habari ya macho ili wakuhurumie. Na walikuhurumia, apana?"

"Habari ya macho nilikuambia wewe peke yako."

"Najua."

"Nilikuambia kwa sababu niliogopa. Na nilipotoka pale nilikushukuru, Khaled. Juu ya pikipiki. Ulinisikia nikikushukuru."

Khaled alijifuta uso kwa mkono wenye saruji. Machozi yalikuwa yamemjaa, na Mwantum aliyaona, na moyoni mwake hakuna kilichosogea. Alikuwa akikumbuka samaki. Miezi yote hiyo alikula samaki wa huyu mtu, akamwombea dua baada ya kila mlo, na huyu mtu alikuwa akiitikia amina.

"Yaya, tukae na hii mambo sisi wawili," Khaled alisema. "Xavier amepona. Wewe umezoea. Ukisema, utamurudishia vidole?"

Mwantum alitembea kutoka Mutakura mpaka njia ya mabasi bila kugeuka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Dorothée, akamkuta akipepeta maharage kibarazani kwake, mtaa wa Kinindo. Alimweleza yote akiwa amesimama. Dorothée hakumwambia pole. Aliweka ungo chini, akavaa viatu. "Twende," alisema.

Kituoni mpelelezi alikubali ule mkebe wa kazini utolewe stoo. Mwantum aliomba karatasi nyeupe na dirisha lililo wazi. Alichota baruti kidogo kutoka chini, akaieneza kwa ncha ya kadi. Hata Dorothée aliyesimama nyuma aliona: vipande bapa vya rangi ya kijani, na katikati yake punje nyeusi ndogo kama mbegu za mchicha. Mpelelezi aliinama, akaguna. Jovithe aliitwa, akasema alichokuwa nacho cha kusema. Khaled alikamatwa siku hiyo jioni, saruji yake ikiwa bado mbichi. Kwanza alirudia habari ya macho. Alipoonyeshwa karatasi, alikiri.

Watu wa ukoo walikuja Buyenzi kwa makundi. Shangazi mmoja kutoka Uvira alikaa siku nzima akimwambia kwamba ndugu ni ndugu, na Massoudi angelia kaburini kumwona mwanawe wa kiume wa pekee amefungwa na dada yake. Mwantum aliwapikia wote. Alisema neno moja tu, kwamba hakumfunga mtu, alisema kilichokuwa ndani ya mkebe.

Kwa daktari wa macho alipelekwa na Houda, aliyevuka mpaka aliposikia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ndiyo kwanza anaanza, na jicho la kulia ni zima kabisa. Akamuuliza kama kazi yake inahitaji macho makali. Mwantum alitaka kucheka, ikashindikana. Miezi yote ile alikuwa ameamini mkono wake umemkata kijana vidole. Houda alimshika bega wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi za zahanati mpaka alipoweza kusimama.

Alirudi kwa Xavier, safari hii nyumbani kwao. Kijana alikuwa anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa vidole vilivyobaki. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ule mukebe wa zamani," Xavier alisema, "kwa nini ulikuwa bado kwenu?"

"Kwa sababu niliahirisha."

"Na ufunguo?"

"Nilimpa mimi."

Xavier alitikisa kichwa polepole. "Basi mi sijui nikasirikie nani," alisema. Baada ya hapo akamkaribisha chai.

Dorothée alimwomba Mwantum arudi kazini, kibali kitaombwa upya. Alikataa. Chama kikaanza kununua risasi za kiwandani kidogo kidogo, na walinzi wanatumia zaidi ngoma na mataa. Alichokubali ni kuwafundisha walinzi kukagua risasi kabla ya kuiingiza kwenye bunduki: kuitazama kitako, kuipapasa ubavu, kuitupilia mbali ukiwa na shaka yoyote. Huwafundisha chini ya paa la ghala la mpunga, mchana, na Xavier hukaa mstari wa mbele, akiwanyamazisha wenye kuongea.

Khaled alitoka kifungoni kabla ya Idi. Siku ya sikukuu alifika Buyenzi na mkewe na watoto, akasimama uani akatoa salamu. Mwantum aliitikia, maana salamu ni haki ya mtu. Aliwakumbatia watoto, akampa mke sinia la pilau, akaweka la pili mbele ya mdogo wake. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Alikaa kitandani akiwasikiliza wakila, mpaka waliposhukuru kwa sauti, wakangoja kidogo, wakaondoka.